Kigoda na Gari la Waya

Siku hiyo asubuhi ilikuja mara mbili, kama ilivyozoea katika mji ule, na mara zote mbili ilimkuta Kidawa amepiga magoti sakafuni akigombana na birika. Lingekuwa birika kama mabirika ya watu lisingekuwa na neno: lingechemsha maji yake likanyamaza. Hili lilikuwa likiimba. Liliimba wimbo ule ule tangu lilipoingia nyumbani, tena wimbo usio na mwisho, maana pumzi ililikatika kila lilipokaribia ubeti wa mwisho, likaanza upya. Kidawa alikuwa amelitia ndani ya gunia pamoja na makorokoro mengine ya mumewe, akaufunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaikaza kwa meno, na sasa lilikuwa likiimba humo humo gizani, bila maji, bila moto, bila haya.

"Baba Tunu! Njoo ulinyamazishe hili dude lako kabla sijalipasua!"

"Usilitikise, Mama Tunu," sauti ya Shomvi ilijibu kutoka uvunguni mwa kitanda. "Ukilitikisa linadhani limetiwa maji."

"Linadhani!" Kidawa aliinua macho kwenye dari, kana kwamba huko kulikuwa na mtu wa kumshitakia. "Birika linadhani! Na wewe huko chini unadhani nini? Watu wanatungoja."

"Natafuta gurudumu."

Mtu wa mvi huyo, mwenye goti bovu na binti aliyekwisha kuolewa, alikuwa amelala kifudifudi uvunguni akitafuta gurudumu. Hata Tunu, binti mwenyewe, alikomaa kabla yake. Alikomaa mapema, kama nyanya iliyochumwa mbichi ikaivia kapuni, na kila akija kuwasalimu alikaa kwenye kiti akamtazama baba yake kwa huruma. Lakini Tunu alikuwa na kwake pa kurudi. Aliyebaki na mtu huyu ni Kidawa.

Na nyumba ilikuwa imejaa pomoni. Kulikuwa na tochi iliyokuwa pia redio, na filimbi, na dira, ikafanya yote hayo isipokuwa kumulika. Kulikuwa na kidude cha kufagia, cha mviringo kama chapati, kilichotembea chenyewe sakafuni. Kiliuogopa mkeka, kila kikiufikia kilirudi nyuma, kwa hiyo Kidawa aliukunja mkeka ili mheshimiwa apite, kisha akafagia alichokiacha. Ile ndege ya rimoti ndiyo usiseme. Siku ya matanga ya jirani ilitua katikati ya sufuria la wali, na Kidawa ndiye aliyekwenda kuomba radhi, na Kidawa ndiye aliyeichomoa, imeganda punje mpaka mabawani, huku wafiwa wakimtazama. Na juu ya kabati, pasipofikiwa na mkono wa mgeni, lilikaa gari la waya. Hilo Shomvi alilitengeneza mwenyewe utotoni, kwa waya wa uzio na magurudumu yaliyochongwa kwenye kandambili zilizokatika, akalitia usukani wa mti mrefu ili dereva aliendeshe akitembea wima nyuma yake. Magurudumu yalilika, akayabadilisha. Waya ulishika kutu, akaubadilisha. Usukani ulivunjika, akachonga mwingine. Hakuna kilichobaki cha zamani isipokuwa gari lenyewe.

Mtu mzima, alikuwa akiwaza Kidawa, akikaza kamba. Mtu mzima na mvi zake. Angekuwa mlevi ningejua la kusema. Angekuwa mhuni ningekuwa na mashoga wa kulia nao. Nitamshitaki kwa lipi? Kwamba anafurahi? Anafurahi kila siku, na furaha yenyewe mpya, kama haijawahi kutumika. Anaitoa wapi? Mimi yangu ilikwishia wapi? Vumbi lote hili la furaha yake, nani anapangusa? Mimi.

Siku nyingine angemwachia Mungu. Lakini kengele ilikuwa imepita mtaani na kutangaza: Shomvi ameitwa kwenye kigoda.

Katika mji ule mtu hakuzeeka kwa kuishi tu. Mji wenyewe hapo zamani ulikuwa na jina, ila jina lilipelekwa kutengenezwa na halijarudi. Na saa ya mnarani ilishikwa na Baraza la Wakomavu, ambao waliisogeza mbele au nyuma walivyoona inafaa, na mtu akatangaziwa umri wake kama anavyotangaziwa zamu ya maji. Aliyeitwa alitakiwa afike uani kwa Baraza na kila kitu alichowahi kukichezea. Angevipanga juu ya jamvi. Mkomavu Mkuu angenyoosha fimbo yake kwenye kimoja kimoja na kuuliza, "Hiki ni nini?" Naye angejibu, "Si kitu." Basi. Maneno mawili. Akimaliza, vitu vingetupwa kwenye tanuri, yeye angekalishwa kigodani, na kuanzia hapo angekuwa mtu mwenye neno lake. Wanawake waliyasema mapema zaidi, siku ya kuolewa. Kidawa aliyasema. Alijua kulikuwa na kitu juu ya jamvi siku ile, maana mkono wake ulikumbuka uzito wake mdogo, lakini kilikuwa kitu gani, hilo lilikuwa limefutika, na hakuwa na nafasi ya kulitafuta.

Aliyekataa hakupigwa wala hakufungwa. Wakomavu hawakuwa wakatili, walikuwa wakomavu. Aliyekataa alirudishwa utotoni kisheria: angenyang'anywa funguo za nyumba, angelazwa saa ya watoto, na ndoa yake ingekatika pale pale, kwa sababu mtoto haoi. Mkewe angefanywa mlezi wake. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha Kidawa tangu kengele ilipopita. Hakutaka kumlea Shomvi. Alimtaka awe mume wake mbele za watu, na goti lake bovu, na birika likiimba ikibidi. Alimpenda mtu yule, na ndiyo maana mikono ilimwasha kumtwanga.

"Utayasema?" alimwuliza alipotoka uvunguni, utando wa buibui umemganda kichwani, gurudumu mkononi.

"Yapi?"

"Usinichezee, Baba Tunu."

"Nitayasema."

"Sema nikusikie."

"Si..." Shomvi akaanza, akaitazama tochi iliyokuwa ikichungulia kwenye tundu la gunia, akalainika. "Jambo kama hilo si vizuri kulifanyia mazoezi, Mama Tunu. Linaweza kuzoeleka."

Waliondoka na mkokoteni. Njia ya kwenda Barazani iliteremka kwenda na iliteremka kurudi, na wenyeji walikwisha kuacha kuulizana inakuwaje. Shomvi alisukuma. Kwenye mteremko wa kwanza alikuwa na mvi. Kwenye wa pili mvi zilikuwa zimemponyoka, naye alikuwa kijana yule yule aliyekuja kuposa, kifua mbele, shati limepigwa pasi mpaka likang'aa. Kwenye wa tatu kichwa chake kilikuwa hakifiki kwenye mpini wa mkokoteni, na mdomoni mwake mlitoka mlio wa injini, na honi, na breki ndefu ya kona.

Kidawa hakushangaa, alikuwa amemzoea. Alimshika sikio.

"Rudi! Rudi hapa upesi! Unataka kufika mbele za watu na umri huo?"

Shomvi akarudi, mvi moja moja, huku amenuna. Kisha akasema, "Hivi, Mama Tunu, kitu ukikiita si kitu, kinakwenda wapi?"

"Kwenye tanuri."

"Kwenye tanuri kinakwenda chuma na plastiki. Nauliza kile kingine."

"Sijui, na sitaki kujua. Tazama mbele."

Lakini swali likamganda Kidawa kama kupe. Mtu unasema neno, na kitu kinaacha kuwa. Nani aliwapa wale wazee mamlaka makubwa hivyo, kwamba kilicho kiwe kwa sababu wamekubali, na kisicho kisiwe kwa sababu wametikisa kichwa? Au si wao hata kidogo. Wao wanauliza tu, na kuuliza hakuui. Anayejibu ndiye anayeua, kwa mdomo wake mwenyewe, na kwa hiari, kwa sababu anataka kwenda nyumbani. Mkono wa Kidawa ulihisi tena uzito ule mdogo. Aliukunguta kama anayekunguta unga, akamhimiza mumewe aongeze mwendo.

Uani kwa Baraza, Wakomavu walikuwa wamekaa safu nzima kwenye vigoda vyao, mikono magotini, wametulia mno. Tanuri lilikuwa wazi kwenye kona. Mkomavu Mkuu, mzee mpana mwenye mkufu kifuani, alishika fimbo yenye ncha ya fedha kwa mkono mmoja, na kwa mwingine kengele ndogo ya shaba aliyoigonga kila alipotaka kimya, na mara nyingine alipokuwa amekwisha kukipata. Kidawa aliliona hilo, kisha akajikataza kuliona. Aliyetangulia kwenye jamvi alikuwa bwana mmoja na mchezo wake wa dama. Alisema "si kitu" kwa ubao na kwa kila kete, akakalishwa, na tangu hapo alikuwa akitazama magoti yake.

Ikafika zamu yao. Kidawa alivipanga vitu mwenyewe, maana Shomvi angekaa navyo mpaka kesho.

"Hiki ni nini?" aliuliza Mkomavu Mkuu.

"Hilo, mheshimiwa, ni birika. Ukilitia maji..."

Kengele ikalia. "Hiki ni nini?"

"Ni birika linaloimba. Ila ubeti wa mwisho halijawahi kuufikia. Mimi nina imani siku moja litaufikia, ndiyo maana nachemsha chai mara nyingi."

"Ubeti wenyewe unasemaje?" aliuliza Mkomavu mmoja kwenye safu, akagongewa kengele, akaziba mdomo kwa kiganja.

Kidawa alihisi damu ikimpanda kichwani. Alimsogelea mumewe akamfinya juu ya kiwiko, finyo la mama mzazi.

"Maneno mawili!" alimwambia kwa sauti ya chini iliyosikika uani kote. "Mwanamume mzima unashindwa na maneno mawili! Nimekufulia, nimekupikia, nimechokoa wali wa matanga kwenye ndege yako mbele ya wafiwa. Nimewahi kukuomba nini mimi? Hebu nitajie kimoja!"

Sauti ilimkatika. Hakutaka kulia mbele ya watu wale, akalia. Shomvi aliyatazama machozi yake kama anayetazama chombo kilichoharibika ambacho hajui kukifungua.

"Unataka niseme kweli?"

"Nataka turudi nyumbani tukiwa mke na mume."

"Haya," alisema Shomvi. Akaligeukia birika. "Si kitu."

Birika, lililokuwa likivuma chini kwa chini, likanyamaza. Neno lile la kwanza lilimtoka kama mwiba wa samaki, kwa kukohoa. Kwenye tochi alimeza mate kwanza. Kwenye kidude cha kufagia alifumba macho. Kwenye ndege hakufumba. Zilifuata gololi, pia ya kuzungusha, manati, saa ya mkononi iliyozoea kumwamrisha asimame hali amesimama, na kote akajibu, na kila jibu lilitoka jepesi kuliko lililotangulia, mpaka akawa analisema kabla swali halijakwisha. Uso wake ulikuwa ukiganda taratibu kama uji uliosahauliwa. Mvi zake zilitulia kichwani, hazikuonyesha dalili ya kwenda popote tena. Kidawa alikuwa amejiandaa kwa gari la waya. Alijua hapo atakwama, na alikwisha kupanga jicho la kumkata nalo. Hakulihitaji.

"Hiki ni..."

"Si kitu."

Sauti ile ile. Hata hakulitazama. Kidawa alijiambia kwamba anafurahi, akangoja furaha ifike.

Lilibaki swali la mwisho, la kumhusu mke aliye shahidi, ambalo halikuwa mtihani bali adabu. Desturi ilitaka mume aulizwe mke wake ni nani, naye ajibu, "Ni mke wangu," ili ndoa ihesabiwe upya kati ya watu wazima wawili. Mkomavu Mkuu aliisogeza fimbo kutoka jamvini, akaielekeza kwenye kifua cha Kidawa.

"Na huyu ni nani?"

"Si kitu," alisema Shomvi.

Wakomavu wakapiga makofi. Hakuna aliyeshituka. Wengi wao walijibu hivyo hivyo siku yao, na wake zao walirudi nyumbani wakapika.

"Ni ulimi tu, umezoea," alisema Mkomavu Mkuu kwa upole. "Hutokea. Amekomaa." Akamshika Shomvi bega, akamkalisha kigodani.

Kidawa alibaki amesimama. Hivi ndivyo inavyokuwa, basi, ukiwa upande wa jamvi. Huumii. Unakuwa mwepesi tu, kama umesahauliwa ukiwa ungalipo. Na katika wepesi ule alimkumbuka. Gunzi la hindi. Nywele zake mwenyewe za hindi, zimesukwa. Kipande cha kanga kiunoni na macho mawili ya mkaa. Aliitwa Mwanasiti, na alilala kwapani mwa Kidawa tangu Kidawa apate akili, na siku ya harusi alilazwa chali juu ya jamvi akamtazama bibi arusi kwa yale macho ya mkaa, naye Kidawa akasema maneno mawili haraka haraka kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Mwanasiti hakulalamika. Asingeweza. Na leo nimemleta mume wangu kwa sikio, nimemfinya, nimemlilia, mpaka akajua kusema kama mimi. Nimemfundisha mwenyewe. Alikuwa haijui kazi hii.

Hasira zilizompanda hapo hazikuwa za Shomvi, ingawa alikuwa amezoea kumwachia yeye hasira zote. Alilikanyaga jamvi kwa viatu vyake, jambo lisilofanywa, akaushika usukani wa gari la waya.

"Mama Tunu, weka chini," alisema Mkomavu Mkuu. "Hicho ni nini?"

"Gari."

Kengele ikalia. "Hicho ni nini?"

"Bwana wee, huna macho? Ni gari! Na lile ni birika. Na ile ni ndege, ndege mbaya kuliko zote zilizowahi kuruka, lakini ni ndege!"

"Anayesema hivyo juu ya jamvi anarudishwa utotoni. Mumeo atakuwa mlezi wako."

"Nileeni wote," alisema Kidawa, akaliondoa gari.

Hakuwahi kuliendesha. Miaka yote ile juu ya kabati alikuwa akilipangusa tu. Alijaribu kutoa mlio wa injini, ukamtoka mlio wa jogoo aliyepaliwa, akautoa tena kwa nguvu zaidi. Aliligonga goti la Mkomavu wa kwanza. Wa pili na wa tatu walinyanyua miguu. Alipita kati ya vigoda, kanga imemdondoka begani, akapata mteremko, akaelekea kwenye kona ya tanuri kwa kasi, gari limelala upande na lile gurudumu la uvunguni linayumba.

Kigodani, Shomvi alikuwa ameweka mikono magotini kama wenzake. Kidole chake kimoja kikatikisika.

"Punguza," alisema kwa kunong'ona.

Kidawa hakusikia.

"Punguza! Shika kwa mikono miwili! Kidawa! Kona hiyo, unaikata hivyo utapindua! Mwanamke gani huyu, lahaula, hata miaka yote hii hajifunzi! Lete hapa!"

Kigoda kilianguka kwa kishindo. Shomvi alikuwa ameshafika kwenye kona, akichechemea, uso umekunjamana kwa ghadhabu, na Kidawa hakuwahi kuuona uso mzuri kama ule. Tena alikuwa amemwita Kidawa. Jina hilo hakulisikia mdomoni mwake tangu Tunu azaliwe.

"Ni nini hicho kilichokuinua kitini?" aliuliza Mkomavu Mkuu.

"Ni gari hili! Huoni linavyoteswa?"

Kengele haikugongwa. Mkomavu Mkuu aliwatazama, na pengine kulikuwa na uchovu machoni mwake. "Basi ni watoto, wote wawili," alisema. "Na mtoto haoi, wala haolewi. Kuanzia sasa ninyi si mke na mume. Ndoa hiyo haipo."

Lilikuwa ndilo lile lile lililomtisha Kidawa tangu asubuhi ya kwanza, na sasa lilikuwa limefika, limesemwa, limepigwa muhuri wa kimya. Liliuma. Alitazama safu ya vigoda, akamtazama Shomvi, aliyekuwa amepiga magoti kwa goti lake bovu akirudishia gurudumu, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Kidawa," alisema Shomvi bila kuinua kichwa. "Twende tukacheze baba na mama."

"Nani baba?"

"Mimi."

"Kila siku wewe!" alisema Kidawa, na alikuwa amekasirika kweli. "Leo baba ni mimi. Beba birika."